Paulo wa Tarso ana somo kwetu Nyakoe

Hapa Nyakoe inapita barabara inayotuunganisha sisi Abagusii na jirani zetu Wajaluo. Nilipokuwa mwanafunzi, nilimcheka Mjaluo mmoja tuliyeketi naye darasani kwa kuwa hakutahiriwa. Nilimwita omoisia, yaani mvulana asiyepashwa tohara. Tangu siku hiyo hakuketi tena karibu nami. Miaka baadaye, nikiwa mwalimu, niliyasoma maisha ya Paulo nikaona haya.

Paulo alizaliwa Tarso, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa Myahudi mwenye uraia wa Kirumi, akafunzwa sheria na Gamalieli mjini Yerusalemu. Aliridhia kuuawa kwa Stefano, akawasaka wafuasi wa Yesu nyumba hadi nyumba. Akiwa njiani kwenda Dameski aligeuka, na aliyekuwa mtesi akawa mhubiri.

Yeye na Barnaba walihubiri Antiokia, Kipro na kwingineko. Naye Paulo alijikimu kwa kushona mahema. Wasio Wayahudi walipoongezeka, mzozo ulizuka: je, watahiriwe kwanza ndipo wakubaliwe? Mnamo mwaka wa 49 hivi, suala hilo lilifikishwa kwa wazee wa Yerusalemu. Paulo, aliyetahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa, alipinga katakata. Tito, mwenzake Mgiriki, hakulazimishwa kutahiriwa, na wazee waliamua Mataifa wasitwikwe mzigo huo.

Hata hivyo, Paulo hakuidharau mila. Baadaye alimtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi. Alichokataa ni kuifanya mila kuwa sharti la kukubaliwa. Lau angeshindwa, huenda imani hiyo ingesalia dhehebu dogo la Kiyahudi. Badala yake ilienea Efeso, Korintho hadi Rumi, ambako, kwa mujibu wa mapokeo ya kale, Paulo aliuawa enzi ya Kaisari Nero.

Wamishonari walifika Gendia, kwa Wajaluo, mwaka wa 1906, na Nyabururu, kwetu, mwaka wa 1911. Sote tuliingia kwa mlango ule ule ambao Paulo alikataa ufungwe.

Walimu wenzangu, tusiishie kuwachorea wanafunzi ramani ya safari zake. Nanyi wanafunzi, siibezi tohara yetu, lakini haimpi yeyote kibali cha kumdunisha jirani. Mwenzangu yule sikuwahi kumwomba radhi.