Kijana wa Kilimambogo na Siasa za Ofisi

Tangu tathmini za mwisho wa mwaka zianze huko makazini, karatasi za maombi tunazopokea Jumatano zimebadilika. Zamani ilikuwa karo, ploti, mchumba. Sasa vijana wetu wanaopanda matatu alfajiri kwenda kutengeneza programu kwenye kampuni kubwa za Nairobi wanaomba wapandishwe cheo, au bosi fulani ahamishwe, au mwenzao aliyewapita ashuke. Hizo za mwisho huwa sizisomi kwa sauti.

Nawaelewa lakini. Kabla ya huduma nilisomea biashara, nikaajiriwa na kampuni moja ya mitandao. Nafasi ya kiongozi wa timu ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Mwenzangu akakosea hesabu ya mteja, kosa dogo ambalo angelirekebisha kesho yake asubuhi. Mimi nikahakikisha meneja ameliona usiku huo huo. Cheo nilikipata. Sikuwahi kukifurahia hata siku moja.

Kwa hivyo leo nataka tumwangalie mtu aliyezaliwa hapa hapa kwetu. Tom Mboya tunamjua kwa sanamu yake ya pale Moi Avenue, na wengi husema ni mtu wa Rusinga. Kwao ni Rusinga kweli, lakini alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilimambogo, kwenye shamba la mkonge la McMillan ambapo babake alikuwa msimamizi. Hata sekondari alisoma Mang'u, kabla karo haijamshinda akatoka bila kumaliza.

Akaenda Jeanes School kule Kabete, mahali ambapo masomo yalikuwa ya bure, akasomea ukaguzi wa afya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Hapo ndipo alipokutana na ofisi. Mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu walifanya kazi ile ile, lakini Mzungu alilipwa mara kadhaa zaidi. Siku moja Mboya alikuwa peke yake maabara, mama mmoja wa Kizungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mboya akamsalimu. Yule mama akaangalia huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Yaani anaongea na mtu huku anatafuta mtu! Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida. Mama akakasirika, akataka kazi yake ifanywe na Mzungu.

Sasa fikiria wewe ungefanya nini baada ya hapo. Wengi wetu tungeanza kuchelewa makusudi, ama tungejipendekeza kwa mkubwa ili tuokolewe peke yetu. Mboya aliendelea kukagua. Alijiunga na chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, akachaguliwa kukiongoza, akakijenga hadi kikawa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mshahara aliokuwa akiupigania ulikuwa wa kila mtu, hata wa yule aliyekuwa akimwonea wivu, na mimi naamini hawakukosekana. Wakubwa wakaanza kumtilia shaka. Akajiuzulu kabla hawajamfukuza. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, katikati ya Hali ya Hatari, wafanyakazi wa nchi nzima walimfanya katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye alikaa mezani hadi wakapata nyongeza. Na mwaka 1959 akasaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Watu 81 wapandishwe, na wewe ubaki nyumbani ukiandika barua za kutafuta pesa.

Ningependa kuishia hapo, lakini si haki. Mboya huyu huyu, akiwa waziri na katibu mkuu wa KANU, alikuwa fundi mkuu wa mkutano wa Limuru wa Machi 1966. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa makamu wa rais wa chama. Mkutano ukaigawanya nafasi hiyo kuwa nane, moja kwa kila mkoa, na Jaramogi akabaki bila kiti. Hakuna aliyeguswa hata kwa kidole, karatasi tu ndizo zilizobadilishwa. Nilisoma habari hiyo nikaiona ile hesabu ya mteja. Na Jaramogi alipoondoka, waliokuwa wameshirikiana na Mboya kumtoa wakaanza kumwangalia Mboya mwenyewe, kwa sababu sasa yeye ndiye alikuwa karibu zaidi na kiti. Jumamosi Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa pale Government Road, ambayo siku hizi ndiyo Moi Avenue, alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 38.

Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, Kilimambogo unaonekana kutoka huku Ngoingwa. Mwezi uliopita nilisimama nje ya kanisa nikiuangalia, nikatoa simu nikatafuta namba ya yule mwenzangu. Ilikuwa bado inafanya kazi. Nilimweleza nani alimwonyesha meneja. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia alijua tangu siku ile.