Joe Slovo: Mkomunisti aliyewafungulia mahasimu mlango wa Ikulu

RAIS Nelson Mandela alipounda Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Afrika Kusini Mei 1994, alimteua Joe Slovo kuwa Waziri wa Nyumba. Mkomunisti huyo aliketi meza moja na F. W. de Klerk, kiongozi wa chama kilichoasisi sera ya ubaguzi wa rangi.

Slovo alizaliwa Lithuania mwaka 1926, akahamia Afrika Kusini akiwa mtoto. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC. Mwaka 1982 mkewe, Ruth First, aliuawa mjini Maputo kwa bomu la kifurushi lililotumwa na makachero wa Makaburu.

Hata hivyo, ni yeye aliyependekeza mwaka 1992 kwamba madaraka yagawanywe kwa muda na watumishi wa serikali ya zamani walindiwe ajira. Baadhi ya wenzake waliona huko ni kusalimu amri. Kwa Slovo, adui hakuwa ameshindwa vitani, hivyo ilibidi kupatana naye. ANC ikaridhia.

Alifariki kwa saratani Januari 6, 1995, akiwa waziri kwa miezi minane tu, na akazikwa Soweto. Kazi ya kujenga nyumba milioni moja zilizoahidiwa aliwaachia wengine.