Cyril Jackson, mtu aliyeligundua jiwe la angani lenye jina la Pemba

Wapemba tumezoea kusikia kisiwa chetu kikitajwa kwa karafuu, kwa siasa na, kwa sisi wa Kengeja, kwa mchezo wa ng'ombe. Lakini ni wangapi wetu wanaojua kwamba Pemba iko na angani pia? Si utani wala si maneno ya barazani. Kuna asteroidi, yaani jipande la mwamba linalolizunguka Jua, ambalo jina lake rasmi ni 1429 Pemba, na jina hilo limetokana na kisiwa hiki hiki. Leo tumzungumze aliyeligundua, marehemu Cyril Jackson.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 5 Disemba 1903 huko Ossett, Yorkshire, Uingereza. Baba yake alihamia Afrika Kusini mwaka 1911, na huko ndiko kijana alikokuja kufanya kazi. Mwaka 1928 akaingia kwenye kituo cha serikali cha kuchunguza nyota mjini Johannesburg. Kituo kilikuwa na sifa yake tayari, maana hapo ndipo Robert Innes alipoigundua Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliacha Jua.

Kazi yenyewe msidhani ilikuwa ya mteremko. Unakesha ukipiga picha sehemu moja ya mbingu, kisha unaipiga tena. Baadae unazilinganisha picha nukta kwa nukta. Nyota zinabaki pale pale, kwa hiyo kinukta kilichosogea ndicho unachokitafuta. Ukishakipata hujamaliza. Lazima ukifuatilie usiku mwengine na mwengine mpaka njia yake ihesabike, la sivyo kinapotea. Jackson aliifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi, na kwa jumla anahesabiwa asteroidi 72.

Hilo letu alilinasa tarehe 2 Julai 1937. Limo kwenye ukanda ulio baina ya Mirihi na Mshtarii, ni la mawe, upana wake ni kama kilomita 10, na linachukua miaka minne na kidogo kulizunguka Jua mara moja. Kwa macho matupu hulioni. Majirani pia wamo: Kenya na Uganda aliziona mwaka 1933, na Mombasa mwezi ule ule wa Pemba. Ruvuma na Tanga nazo zimo kwenye orodha yake.

Sasa angalieni. Mwaka huo huo wa 1937, huku chini tulikuwa chini ya himaya ya Muingereza, na visiwa vikitikisika kwa mzozo wa karafuu baada ya sheria mpya za biashara hiyo na mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi. Jina letu likapanda juu, na mkono wetu haukuwamo.

Jackson alitumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi kwenye nyota zake. Nyotamkia tatu zina jina lake, ya mwisho ya mwaka 1948, aliyoshirikiana na Mmarekani Joseph Ashbrook. Baadae alifanya kazi Australia, kisha Argentina, akastaafu mwaka 1966. Alifariki mwaka 1988. Naye kapewa jiwe lake, 2193 Jackson.

Kwa nini tunamkumbuka? Kwa sababu kwa desturi ya elimu hii, anayegundua ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina. Hakuna nchi inayozimiliki nyota. Kinachotakiwa ni chombo, hesabu na subira. Wavuvi wetu walikijua Kilimia kabla ya kufika Mzungu yeyote, na Kengeja ipo kama nyuzi tano tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo kwa mwaka mzima karibu mbingu yote inapita juu ya vichwa vyetu, ya kaskazini na ya kusini. Hiyo ni neema ambayo Johannesburg hawana.

Basi walimu wa skuli zetu, waambieni vijana habari hii. Tusiridhike kwamba mtu mwengine alitukumbuka mara moja. Jee, kijana wa Kengeja akiligundua jiwe lake kesho, tutalipendekezea jina gani?