Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz

Kwetu Ruhembe hakuna ukumbi wa muziki wala sinema. Kuna miwa, na kuna redio ya babu. Ndiyo iliyonijulisha kwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Jamaa alizaliwa 1944. Mwaka 1965 akaingia Morogoro Jazz, akawa mpiga solo, mtunzi na mwimbaji. Mwaka 1970 bendi hiyo ikafika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Hebu fikirieni, wenzangu: kutoka Moro mpaka Japani! Mwingine angetulia hapo hapo ale jina. Yeye 1973 akatoka, akaanzisha Super Volcano, akaanza upya.

Mimi naona hapo ndipo penye ujasiri wake, kuliko hata safari ya Osaka. Maana “Shida”, wimbo ambao mpaka leo hata mtoto wa juzi anaujua, aliutoa na bendi hiyo mpya.

Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, na miaka 34 tu. Babu huhesabu kwa vidole: tangu aondoke, miaka 6 haikutimia. Halafu ananyamaza, anaongeza sauti ya redio.