Mtakatifu Matia Mulumba, Mwalimu wa Neno Mahali Pasipo na Padre

Kila tarehe 3 Juni Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda. Tumezoea kuyasikia majina yao kwa pamoja, na mara nyingi tunawadhania wote kuwa vijana wa ikulu ya Kabaka. Kumbe kati yao alikuwamo mtu wa makamo, mwenye cheo na familia, aliyekufa peke yake kwa mateso ya siku kadhaa. Huyo ndiye Matia Kalemba Mulumba.

Tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa sababu hapa Magole, kama kwingineko, waamini sasa huyasoma Maandiko Matakatifu pamoja kwa njia ya simu, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Wako wanaojiuliza kama kundi la watu walio mbali na padre, na mbali wao kwa wao, laweza kweli kulelewa na Neno la Mungu. Matia alilijibu swali hilo kabla simu haijafika katika nchi hizi.

Alizaliwa Busoga, mashariki ya mto Nile, yapata mwaka 1836. Angali mtoto, wavamizi kutoka Buganda walimteka pamoja na mama yake, naye akauzwa utumwani. Waliomnunua hawakumweka kama mtumwa, bali walimlea kama mwana wa ukoo wao. Alipokua aliingia katika utumishi wa mkuu wa Ssingo, akapanda hata kupewa cheo cha Mulumba, mmoja wa wasimamizi wa mkuu huyo. Cheo hicho ndicho kilichobaki kuwa jina lake.

Matia alikuwa mtu mwenye kiu ya ukweli. Kwanza alifuata Uislamu, kisha akasikiliza mafundisho ya wamisionari Waanglikana. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, aliwasili Buganda pamoja na Bruda Amans. Walikuwa wa msafara wa Mapadre Weupe uliotoka Bagamoyo mwaka 1878. Matia aliwasikiliza nao, akapima, na mwaka 1880 akaomba kuandikishwa kuwa mkatekumeni. Alibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu.

Ubatizo huo ulimgharimu. Alikuwa na wake wengi, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa cheo chake, naye akabaki na mmoja tu, Kikuvwa. Safarini alibeba mzigo wake mwenyewe, jambo lililowashangaza watu, kwa maana mwenye cheo alibebewa. Waliomjua waliuona mwenendo wake kabla ya kuyasikia mafundisho yake.

Kumbe jaribu lilikuwa karibu. Mwezi Novemba 1882, miezi sita tu baada ya ubatizo wake, mapadre walilazimika kuondoka Buganda. Walivuka ziwa hadi kusini, na makao yao yakawa Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Nyuma yao walibaki wabatizwa wachache na wakatekumeni, bila Misa na bila kitubio, wasijue kama padre angerudi tena.

Tukumbuke pia kwamba Biblia nzima katika Kiganda ilikamilika mwaka 1896. Injili iliyosomwa barazani mbele ya Kabaka Mutesa katika miaka ile ilikuwa ya Kiswahili, kazi ya wafasiri wa Unguja. Walioingia dini waliitwa wasomaji, lakini wengi wao walijifunza kwa sikio na kuhifadhi moyoni. Aliyekwisha kulijua fundisho alilirudia mbele ya wenzake mpaka nao wakaweza kulirudia mbele ya wengine.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Huko Ssingo, katika kijiji cha Mityana, Matia na Luka waliwakusanya majirani zao, na miongoni mwao alikuwamo mfinyanzi aitwaye Noe Mawaggali. Mapadre waliporudi mwezi Julai 1885 hawakukuta kundi lililotawanyika. Walikuta wakatekumeni wengi kuliko wale waliowaacha.

Hata baada ya kurudi kwa mapadre umbali haukwisha. Kutoka Mityana hadi misheni ni mwendo wa kilomita zipatazo 70. Waamini walikwenda kwa zamu, wakashiriki Misa na kuyasikiliza mahubiri kwa makini, kisha wakarudi kuwafikishia waliobaki yote waliyoyasikia. Kwa njia hiyo jumuiya ya Mityana ilikua hata kufikia watu wapatao 200.

Mwezi Mei 1886 hasira ya Kabaka Mwanga iliwaangukia Wakristo. Matia hakukimbia. Tarehe 27 Mei alihukumiwa kifo, na walipokuwa njiani kuelekea Namugongo wauaji wake walisimama naye katika kilima kiitwacho leo Old Kampala. Wakamkata mikono na miguu, wakamchuna vipande vya nyama mgongoni na kuvichoma moto mbele yake, kisha wakaifunga mishipa ya damu ili asife upesi, wakamwacha hapo. Inaaminika alikata roho tarehe 30 Mei. Siku iliyofuata Noe Mawaggali naye aliuawa kule Mityana. Dada yake Noe, Munaku, aliyefundishwa katika jumuiya hiyohiyo, alijitokeza mwenyewe mbele ya askari akiwa tayari kufa. Hakuuawa, bali alichukuliwa mateka, na baadaye akaitumikia misheni kwa miaka mingi. Mwalimu alikuwa ameuawa, lakini Neno alilolifundisha lilikuwa limekwisha kupata makao kwa wengine. Papa Paulo VI alimtangaza Matia kuwa mtakatifu, pamoja na wenzake, tarehe 18 Oktoba 1964.

Basi, ndugu zetu, tunajifunza nini? Hapa kwetu tunajua maana ya kutengwa. Mwezi Januari 2014 mafuriko ya mto Mkundi yalilikata daraja na kuifunga barabara ya Morogoro na Dodoma, na watu wa ng'ambo hii wakatazamana na wa ng'ambo ile. Siku kama hiyo simu ni neema kubwa, na ni vema masomo ya Dominika yamfikie mgonjwa, mlinzi wa zamu na mkulima aliyelala shambani.

Lakini kulituma Neno kwa kidole ni kazi nyepesi kuliko kulibeba kilomita 70 kwa miguu, na chepesi huachwa upesi. Aliyerudi Mityana hakuweza kuwafikishia wenzake asichokisikiliza. Nasi kabla ya kusambaza tafakari yoyote tujiulize kama tumeisoma hadi mwisho, kama ni fundisho la Kanisa, na kama tuko tayari kumjibu ndugu atakayetuuliza maana yake. Tena kundi la Matia halikutosheka na kusimuliana, maana safari ile ndefu ilikuwa ya kuiendea Ekaristi. Kundi la simu lisilotufikisha kigangoni siku ya Dominika, wala kwa jirani yetu mhitaji katika Jumuiya Ndogo Ndogo, limesimama nusu ya njia.

Mtakatifu Matia Mulumba, utuombee.