Gordon Cooper: Rubani Aliyepita Juu Yetu

Ikiwa umewahi kufika Kituluni, hapa karibu na mji wetu wa Machakos, basi unakijua kioja cha pale. Gari likizimwa injini huonekana likipanda mlima lenyewe, na maji ukiyamwaga nayo huonekana yakipanda. Wanachama wa chama chetu walibishana juu ya jambo hili hadi kengele ya prepu ikalia. Wengine walishikilia eti graviti ya Kituluni ina kasoro. Mwalimu wetu wa Fizikia alipoitwa kuamua, alisema ni macho yetu tu yanayohadaiwa na umbo la vilima. Kisha akatuambia kwamba wako watu waliofunzwa kwa miaka wasiyaamini ovyo macho wala masikio yao, na mmoja wao aliwahi kupita juu ya Afrika Mashariki hii yetu. Hapo ndipo nilipolisikia jina la Gordon Cooper, na tangu siku hiyo sikutulia.

Leroy Gordon Cooper alizaliwa tarehe 6 Machi 1927 mjini Shawnee, katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Baba yake alikuwa mwanajeshi aliyejua kuendesha ndege, naye kijana aliionja anga angali mdogo. Alipokuwa chuo kikuu huko Hawaii alimwoa Trudy Olson, ambaye pia alikuwa rubani. Alijiunga na jeshi la anga mwaka 1949, akarusha ndege za kivita Ujerumani, akasomea uhandisi, kisha akapelekwa kambi ya Edwards kujaribu ndege mpya.

Mwezi Aprili 1959 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza wanaanga wake 7 wa kwanza, waliochujwa kutoka kwa marubani wa kijeshi zaidi ya 500. Cooper ndiye aliyekuwa mdogo wao kwa umri. Aliyezidi kimo cha sentimita 180 hakutakiwa, maana chombo chenyewe kilikuwa kidogo mno. Wale warefu wa bweni letu wangerudishwa nyumbani mapema!

Mafunzo yao hayakuwa mchezo. Walifungwa kwenye mkono mrefu wa chuma uliozungushwa kwa kasi hadi mwili ukawa mzito mara kadhaa kuliko kawaida, wakajifunza kupumua na kusoma vipimo huku kifua kimekandamizwa. Huko Cleveland kulikuwa na mtambo wa fremu 3, moja ndani ya nyingine, uliompindua mtu pande zote kwa wakati mmoja, hadi mizunguko 30 kwa dakika. Mtu akiwa katikati hajui juu ni wapi wala chini ni wapi, na masikio humdanganya kabisa. Kazi yake ilikuwa kuutuliza mtambo huo kwa usukani mdogo wa mkononi. Waliachwa pia katika jangwa la Nevada, wakajishonea mavazi kwa kitambaa cha parachuti ili jua lisiwaue.

Hata hivyo kuna marubani waliowacheka. Chombo kiliendeshwa na mitambo, na Januari 1961 sokwe aitwaye Ham alirushwa kabla ya Mmarekani yeyote. Kwani rubani ana kazi gani pale sokwe anapotosha?

Cooper mwenyewe hakuaminiwa na wakubwa wote. Sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: yeye na Trudy walikuwa wametengana kabla ya uteuzi, wakarudiana ili aonekane mtu wa familia. Na siku chache kabla ya safari yake, kwa hasira, alipitisha ndege ya kivita chini chini juu ya majengo ya wakubwa wake. Walter Williams, aliyesimamia safari hizo, alitaka nafasi apewe Alan Shepard. Cooper aliponea chupuchupu.

Tarehe 14 Mei 1963 safari iliahirishwa. Injini ya dizeli ya kusogeza mnara iligoma kama matatu bovu, kisha rada ya Bermuda nayo ikaharibika. Kesho yake Cooper alifungiwa tena chomboni juu ya roketi na, amini usiamini, akasinzia akingoja! Aliondoka saa 10 na dakika 4 alasiri kwa saa zetu.

Wakati huo Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu, Unguja. Wenyeji wengi walikuwa wamekipinga wakihofia kwamba ni kituo cha makombora. Cooper alipopita juu ya Zanzibar alitoa salamu kwa Afrika, akiwatakia heri viongozi wa bara hili katika mkutano wao wa Addis Ababa, ule ulioanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25 Mei. Nilimuuliza babu kama alizisikia salamu hizo. Alinicheka. Wiki ile, alisema, masikio yao yalikuwa kwenye kampeni za uchaguzi, na Madaraka ilikuwa ikibisha hodi.

Kila mzunguko ulichukua karibu dakika 88. Cooper alikuwa Mmarekani wa kwanza kulala katika mzingo wa dunia. Lakini kuanzia mzunguko wa 19 mambo yalianza kwenda mrama. Taa ya onyo iliwaka bila sababu, vipimo vya mwelekeo vikapotea, kisha umeme ukakatika kwenye mtambo uliopaswa kumrudisha. Hewa chafu ya kaboni dioksidi ikawa inapanda ndani ya suti yake, na joto pia. Akikosea pembe, angeungua au angebaki huko huko juu.

Basi rubani akawa rubani. Alitumia mistari iliyochorwa dirishani, upeo wa dunia, nyota, na saa ya mkononi. Karibu na Japani, John Glenn akiwa melini alimhesabia sekunde kwa redio, naye Cooper akawasha roketi za breki kwa mkono wake. Saa 8 na dakika 24 usiku wa kuamkia tarehe 17 kwa saa zetu, babu akiwa usingizini, chombo kilitua katika bahari ya Pasifiki, kilomita 7 hivi kutoka kwa meli iliyomngoja, baada ya mizunguko 22.

Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, kituo cha Tunguu kilifungwa. Agosti 1965 Cooper alirudi angani pamoja na Pete Conrad kwa karibu siku 8. Mwezini hakupelekwa, aliiacha NASA mwaka 1970, na ile ndoa pia ikavunjika. Alifariki California tarehe 4 Oktoba 2004, akiwa na miaka 77. Aprili 2007 sehemu ya majivu yake ilirushwa kwa roketi kutoka New Mexico, ikafika angani na kurudi. Ilianguka milimani, na watu wakaitafuta kwa wiki kadhaa kabla ya kuiona.