Lyudmila Pavlichenko: Dem Aliyeacha Vitabu vya Historia Akashika Bunduki, na Bei Aliyolipa

Kama umewahi kukaa kwa PS ya mtaa ukicheza gemu ya vita, unajua raha ya skopu. Unabonyeza kitufe kimoja, adui anakuja karibu, unaweka alama kwa kichwa, bam, amedondoka. Rahisi kama kumenya ndizi.

Sasa nikushow kitu. Kwa maisha ya ukweli hiyo skopu haina kitufe. Ni darubini ndogo inafungwa juu ya bunduki kwa skrubu, halafu inapimwa, inajaribiwa na kurekebishwa mpaka mtu anachoka. Na kuna dem mmoja aliyeijua hiyo kazi kuliko wanaume wengi wa enzi zake. Anaitwa Lyudmila Pavlichenko. Kwa hesabu rasmi ya jeshi la Usovieti, aliangusha wanajeshi 309 wa adui, na 36 kati yao walikuwa wadunguaji kama yeye.

Lakini usianze kushangilia bado, manze. Hii stori ina sehemu zinauma.

Mama akiwa tineja

Lyudmila alizaliwa 12 Julai 1916 huko Bila Tserkva, nchi tunaita Ukraine leo. Akiwa na miaka 14 familia ilihamia Kiev. Kitu wengi huruka wakisimulia maisha yake ni hii: alipata mtoto akiwa bado tineja. Aliolewa na jamaa anaitwa Alexei Pavlichenko, wakapata kijana, Rostislav, mwaka wa 1932, na ndoa ikavunjika mapema. Jamaa akaenda zake, jina likabaki.

Ungedhani maisha yameisha hapo, si ndio? Wengi mtaani wangesema huyo msichana ameshajiharibia. Yeye akaingia kiwanda cha silaha cha Arsenal hapo Kiev, akawa anasaga vyuma mchana na kusoma jioni. Baadaye akajiunga na Chuo Kikuu cha Kiev, akichukua historia. Ndoto yake ilikuwa kuwa mwalimu na msomi. Hakuwa na mpango wa kuua mtu.

Bunduki iliingia kwa maisha yake kwa sababu ya mdomo wa kijana mmoja jirani. Huyo boy alikuwa anajigamba venye anajua kulenga shabaha. Lyudmila akaskia akaona hapana, hata msichana anaweza. Akaenda kwa klabu ya kulenga, akapiga vizuri, akapenda, na baadaye akaingia shule ya wadunguaji hapo hapo Kiev.

Skopu inarekebishwa aje?

Hapa ndio nataka utulie, kwa sababu bila hii sehemu hutaelewa huyo mama alikuwa moto kiasi gani.

Bunduki ya wadunguaji wa Usovieti ilikuwa Mosin-Nagant, ya risasi za milimita 7.62. Skopu zao za zile siku zilikuza mara 3.5 ama 4 peke yake. Linganisha na kamera ya simu yako uone venye ni kidogo. Na kwa sababu skopu ilikaa juu ya pale risasi zinaingilia, hungeweza kusukuma risasi tano kwa mpigo kama askari wengine. Unaingiza moja, halafu nyingine, halafu nyingine, vidole vikiganda kwa baridi.

Kazi inaanza na kuifunga. Skopu ikicheza hata kidogo, umepoteza. Skrubu lazima zikaze, na ile mistari ya ndani ikae wima, isiinamie upande. Ikiinama, kila ukirekebisha kwenda juu, risasi inaenda juu na pembeni pia, na utabaki ukishangaa nani amekuroga.

Halafu jicho. Kwa hizo skopu za zamani, jicho lilikaa sentimita kama 7 hivi kutoka kwa kioo. Ukienda mbali sana unaona duara jeusi linakula picha. Ukikaribia sana, bunduki ikirudi nyuma chuma inakuchapa kwa nyusi. Na lazima shavu likae pale pale kila wakati. Jicho likihama, alama nayo inaonekana kama imehama kwa shabaha, hata kama bunduki haijatingishika.

Sasa kuipanga. Unaegemeza bunduki mahali imara, shabaha iko mita 100. Unapiga risasi kadhaa ukilenga pale pale, bila kubadilisha chochote. Risasi moja haikuambii kitu, inaweza kuwa bahati ama mkono ulitetemeka. Unataka uone zimekusanyika wapi. Zikiwa zimekaa pamoja lakini kushoto, wewe uko sawa, skopu ndio iko na shida. Zikiwa zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, usiguse skopu. Shida ni wewe, ama kuna kitu imelegea.

Ukishajua, unazungusha vifundo. Cha juu ni cha umbali, kimeandikwa namba za mamia ya mita. Cha pembeni ni cha upepo. Unazungusha kidogo, unapiga tena, unaangalia, unarudia, mpaka risasi ziende pale jicho linaangalia. Na kwa hizo skopu za Kisovieti, ukizungusha kifundo, ile alama yenyewe inasonga ndani ya kioo. Kwa hivyo unaweza kujipata unalenga na alama iliyo kando kidogo ya katikati. Unazoea tu.

Mbona hiyo sulubu yote? Piga hesabu. Skopu yako ikikosea sentimita 10 kwa mita 100, kwa mita 400 umekosea sentimita 40. Mabega ya mtu mzima ni kama nusu mita kwa upana. Ukilenga katikati ya kifua, risasi inapita hewani. Na huko vitani ukikosa, yule ulikosa anajua mahali ulipo.

Ongeza mambo mengine. Risasi inatoka kwa spidi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde, lakini inaanza kuanguka papo hapo ikitoka. Upepo unaisukuma. Baridi na joto zinabadilisha mahali inafika. Hata jua ni adui: likigonga kioo cha mbele, kinamulika kama kioo cha mathree, na mwenzako wa upande ule anakuona. Lyudmila alizijua hizi zote kichwani. Sio bunduki tu ilikuwa na nguvu, ni hesabu na subira.

Vita inabisha hodi

Tarehe 22 Juni 1941, Ujerumani ikavamia Usovieti. Lyudmila alikuwa bado mwanafunzi. Akaenda kujiandikisha, na wakaangalia huyo msichana msafi wakamwambia aende akawe nesi. Akakataa. Aliwaonyesha vyeti vyake vya kulenga shabaha, na mwishowe akapelekwa Divisheni ya 25, ile ya Chapayev, kama askari wa kawaida.

Bunduki zenyewe hazikuwa zinatosha, mwanzoni alipewa guruneti tu. Siku ya kupimwa ilikuja karibu na Odessa, Agosti 1941. Wakampa bunduki, wakamwonyesha wanajeshi wawili wa Romania, waliokuwa upande wa Ujerumani. Akapiga wote wawili. Hao wawili hakuwahi kuwahesabu. Kwake ulikuwa mtihani tu.

Kwa miezi miwili na kitu ya Odessa, hesabu yake ilifika 187. Mji ulipoachwa Oktoba, jeshi likahamishwa kwa meli mpaka Sevastopol, na huko ndiko mambo yalichacha. Mji ulizingirwa kwa miezi minane. Lyudmila alianza kupewa kazi ya kuwawinda wadunguaji wa adui, kazi noma kuliko zote. Hapo ni watu wawili wenye skopu, kila mmoja amejificha, wa kwanza kujikuna ndio anakufa. Pambano moja lilichukua siku tatu. Siku tatu umelala chini, huongei, hujui kama yule mwingine tayari anakuangalia.

Jina lake likawa kubwa mpaka Wajerumani wakaanza kumwita kwa vipaza sauti. Inasimuliwa walimwahidi chokoleti na cheo cha afisa akivuka upande wao. Chokoleti hazikufanya kazi, wakageukia vitisho.

Penye ilimgonga

Huko Sevastopol alipata mpenzi, mdunguaji mwenzake, Kitsenko. Walikuwa wanatoka pamoja kuwinda, wawili, kama mbogi ya watu wawili. Machi 1942 jamaa akajeruhiwa vibaya na akafa. Skopu ingemwonyesha Lyudmila adui aliyejificha mita 400 mbele yake, lakini haingemkinga mtu aliye kando yake na kombora linalotoka angani.

Juni mwaka huo huo, naye mwenyewe akapigwa vipande vya kombora. Ilikuwa jeraha lake la nne. Wakamtoa Sevastopol kwa nyambizi. Wiki chache baadaye mji ukaanguka, na wenzake wengi wa divisheni hawakutoka.

Kwa hivyo ukisoma hiyo namba 309, kumbuka alibeba pia wale wa upande wake. Na nisikufiche: kuna wanahistoria wanaoitilia shaka hiyo namba, wanasema propaganda ya Usovieti ilipenda mashujaa wenye hesabu kubwa. Lakini kwamba alikuwa mstari wa mbele Odessa na Sevastopol, akajeruhiwa na kuzika aliyempenda, hilo liko wazi.

Marekani, sketi na maswali ya upuzi

Stalin alitaka Marekani na Uingereza zifungue uwanja wa pili wa vita huko Ulaya, ili Usovieti ipumue. Kwa hivyo 1942 Lyudmila akatumwa ng'ambo. Akapokewa na Rais Roosevelt Ikulu ya Marekani, na mke wa rais, Eleanor, akampenda mpaka akamwalika wazunguke nchi pamoja.

Halafu sasa wanahabari. Huyu ni dada ametoka kwa mahandaki, mwili una makovu, ameacha mpenzi kaburini. Unajua walimuuliza nini? Kama wasichana wa mstari wa mbele hujipaka vipodozi. Mwingine akalalamika sketi ya sare yake ni ndefu na inamfanya aonekane mnene. Zaidi ya miaka 80 imepita na bado unaweza kupata swali kama hilo chini ya picha ya dem yeyote kwa intaneti.

Mwanzoni aliduwaa. Baadaye akachoka. Huko Chicago alisimama mbele ya umati, akawaambia wanaume wa hapo ana miaka 25 na ameshaangusha wavamizi 309, kisha akawauliza kama hawaoni wamejificha nyuma ya mgongo wake muda mrefu sana. Watu walinyamaza kwanza, halafu wakalipuka kwa makofi. Woody Guthrie, mwimbaji mkubwa wa Marekani, alimtungia wimbo.

Lakini uwanja wa pili haukufunguka hapo hapo. Majeshi yalitua Normandy tarehe 6 Juni 1944, karibu miaka miwili baadaye.

Alirudi darasani

Baada ya ziara hakurudishwa vitani. Alifundisha wadunguaji wapya, na 1943 akapewa nishani ya Shujaa wa Muungano wa Usovieti. Fikiria hiyo kazi ya mwalimu: kuonyesha vijana wadogo namna ya kukaza skrubu na kuzungusha vifundo, ukijua wengine hawatarudi.

Halafu vita ikaisha, na hapa ndio mimi, niliyeacha chuo bila hata vita ya kusingizia, huwa nanyamaza. Lyudmila alirudi Chuo Kikuu cha Kiev akamaliza digrii yake ya historia. Akawa mtafiti katika makao makuu ya jeshi la wanamaji.

Lakini vita haikumtoka. Majeraha yalimsumbua, jinamizi la vita nalo halikumwacha, na watu wanaoandika maisha yake wanasema pombe pia iliingia. Hakuna kifundo cha kuzungusha ili kichwa kirudi pale kilikuwa.

Mwaka wa 1957 Eleanor Roosevelt alitembelea Moscow na akaomba kumwona. Zile zilikuwa siku za Vita Baridi, kwa hivyo kila mgeni alikuwa na mtu wa serikali anamfuata. Wakaketi kwa nyumba ndogo ya Lyudmila wakipiga stori za heshima, baridi. Ghafla Lyudmila akapata kisingizio, akamvuta Eleanor chumba cha kulala, akafunga mlango, akamkumbatia. Wakanong'ona hapo, wakicheka na karibu kulia, wakikumbuka ile safari yao ya Marekani.

Lyudmila alifariki 10 Oktoba 1974, akiwa na miaka 58, na kuzikwa kwa makaburi ya Novodevichy huko Moscow.

Kwa hivyo siku nyingine ukiwa PS na ubonyeze kile kitufe cha skopu, mkumbuke huyo dem. Kitu unafanya kwa sekunde moja, yeye alikifanya kwa miaka, risasi moja moja. Gemu ikiisha wewe unalipa shilingi zako unaenda home. Yeye alifika home pia, lakini alilipa mpaka siku ya mwisho.